Jani Lililokatazwa Kutoa Ua

Pale ufuoni mwa ziwa chini ya Kisian hakuna mtu aliyemwamkia Perez mara mbili. Akiitikia ya kwanza, shukuru. Asipoitikia, pita, kwa sababu amekwisha kukuona na kukupima, na ukizidi kusimama utasomewa kipimo chako mbele za watu.

Aliletwa hapo kutoka Asembo kuwa mke wa kwanza wa Dishon mvuvi, na kwa Waluo mke wa kwanza ana jina lake: mikayi. Mikayi si mke tu. Nyumba yake ndiyo inayotazama lango la boma, na neno lake hutangulia, ya wengine yakafuata. Walimwita Mikayi hata waliomchukia, na waliomchukia walikuwa wengi, na chuki hiyo ilimkaa Perez mwilini vizuri kama leso mpya.

Mama mkwe wake hakumpenda kwa uso wala kwa upishi. Alimpenda kwa mundu. Kati ya mashamba na maji palikuwa na kinamasi, na ndani yake, pale mafunjo yanapoishia, ulimea mmea ambao wanawake wa ufuo ule waliuita jani la samaki. Ulifika magotini. Shina lake ukilizungusha vidoleni ulisikia pembe nne, kama mguu wa kiti. Majani yake yalitoka mawili mawili, yakitazamana, na jozi iliyofuata ilikaa kuikingama ile ya chini yake. Ukilifikicha jani moja tu, harufu ilikupanda puani hadi macho yakatoa maji. Wanawake walilitandika chini ya tenga, wakapanga samaki waliokaushwa, wakafunika kwa jani tena, na inzi akija akapiga mbawa kidogo akaondoka zake. Hakuna aliyelipanda. Liliota lenyewe kila mwaka maji yakirudi nyuma, na kila boma lilikuwa na sehemu yake ya kukata.

Lakini kukata kulikuwa na sheria. Mundu hupita kabla ya ua.

"Jani lenye ua ni binti aliyezeekea kwa baba yake," mama mkwe alimwambia Perez mwaka ule wa kwanza. "Nani atamtaka? Na aibu si ya binti. Ni ya mwenye boma."

Perez aliishika sheria hiyo kuliko walokole wanavyoishika Jumapili. Kumekucha yuko kinamasini, leso imefungwa juu ya magoti, mkono wa kushoto umeshika vichwa vya majani, wa kulia unakata. Mmea ukionyesha tu dalili ya kujifunga nchani, kichwa kimekwenda. Mama mkwe alikufa, mundu ukabaki. Watoto walizaliwa wakakua, mundu ukanolewa ukawa mwembamba kama ubavu wa samaki ngege, na katika sehemu ya Perez halikuchanua ua hata moja. Wanawake walipita wakatazama wakasema, "Huyu ni mtu." Walisema huku wamenuna, lakini walisema.

Kisha Dishon akamleta Rosa, mke wa pili, ambaye huitwa nyachira. Rosa alikuwa mdogo, mnene, mcheshi, na mvivu wa kutia kichefuchefu. Yeye alipewa sehemu ya chini, karibu na maji, na alikata tu mteja akiita. Asipoita mteja, Rosa amelala. Basi kila msimu kichwa cha kila mmea wake kilitoa shuke, kama shuke la mtama lakini jembamba, limejaa maua ya samawati, na nyuki wakaimba humo kama wako kwao.

Perez alikuwa akisimama mpakani akipaza sauti ufuo mzima usikie. "Nyachira! Binti zako wanazeeka!"

"Waache wazeeke, Mikayi. Wanakula kwako?"

"Wananiaibisha."

"Basi funga macho. Macho si yako?"

Ndivyo walivyoishi. Dishon alikufa mwaka ule wa ukame, themanini na nne, na kutoka hapo hapakuwa tena na mwanamume wa kusema "Nyamazeni." Waligawana boma, wakagawana kuni, wakagawana hata maneno ya marehemu, kila mmoja akisema ni mimi aliyeniambia.

Shida ilianza miaka ile gugu maji lilipoingia kuziba ghuba. Zamzam, mwanamke Mwislamu wa Manyatta aliyenunua samaki ufuoni na kuwapeleka soko la Kibuye, alikuwa mteja wa Perez tangu ujana wao. Asubuhi moja alishuka na tenga kichwani, akalibwaga miguuni pa Perez.

"Mama, funua."

Perez alifunua. Funza walikuwa wakitembea juu ya samaki kama watu wa sokoni.

"Samaki wako walikuwa wabovu kabla hawajakutana na majani yangu," akasema Perez.

"Samaki niliwanunua hapa hapa, wakavu, wanalia kama mbao. Majani yako, Mama Perez, siku hizi ni ya kulishia mbuzi."

"Basi nenda kawe mbuzi kwingine."

Zamzam alijitwika tenga lake. Alikwenda kwa Rosa. Juma lililofuata wawili wengine wakamfuata, na kabla mwezi haujakatika Perez alikuwa akikaa chini ya banda la kupimia samaki, mbele ya mafungu yake tangu asubuhi hadi jua la utosi, majani yakinyauka, wateja wakimpita wakitazama ziwa kana kwamba ziwa limeota jana.

Alitafuta sababu akazipata nyingi. Kwanza gugu maji. Kisha mvua. Mwisho, na hii ndiyo aliyoipenda, Rosa. Rosa alikuwa amemwaga kitu usiku sehemu ya juu, ya Perez. Rosa alikuwa na mjomba huko Sakwa ambaye watu walimsalimia kwa mbali. Kitu kingine kinawezaje kuondoa harufu kwenye jani likiwa bado limesimama?

"Harufu ipo," Rosa alimjibu. "Ni pua yako iliyoliwa na ugoro."

Katika siku hizo hizo alikuwa amekuja mtu wa majani. Aliitwa Bwana Waliaula, Mluhya mrefu mkavu, mwalimu wa chuo fulani huko Nairobi, na alipanga chumba Kisian kusudi aandike mimea yote ya kinamasi, kila mmoja na umbo lake na jamii yake. Alitembea na kioo cha kukuzia shingoni na furushi la magazeti makuukuu, akibana mimea katikati ya kurasa. Mara ya kwanza kuingia sehemu ya Perez alimkuta amesimama na mundu.

"Shikamoo, Mama."

"Wewe mwizi au mwendawazimu? Niambie, nijue nipige kelele gani."

"Mimi ni mwalimu, Mama. Natafuta mmea wenye ua. Huu wako ni wa jamii ya mnanaa, naona kwa shina na kwa majani, lakini bila ua siwezi kusema ni upi."

"Jamii? Jani lina jamii? Lililipa mahari?"

Waliaula alicheka, na hilo lilikuwa kosa. "Ni kama boma, Mama. Boma moja, baba mmoja, lakini nyumba mbalimbali. Watoto wa nyumba ya kwanza na wa nyumba ya pili wanafanana uso, mpaka uwatazame vizuri. Kwa mimea hii, ua ndilo linalosema mtoto ni wa nyumba gani. Ningeomba uniachie kipande kidogo usikikate, kichanue."

Mtu amesimama kwenye kinamasi cha mikayi anamwambia habari za nyumba ya kwanza na ya pili, kisha anamwomba aache ua. Perez alimfukuza mpaka kwenye barabara ya lami, na magazeti mengine yakabaki matopeni. Watu wa Kisian walicheka wiki nzima.

Sasa, Perez alipomshitaki Rosa kwa uchawi mbele ya Mzee Ochieng, mwenyekiti wa ufuo, alidhani maneno yatakwisha hapo kama yalivyokwisha zamani, kwa yeye kusema na wengine kunyamaza. Lakini Ochieng alikuwa mtu wa kupenda kuona kwa macho. Aliagiza matenga mawili, samaki wa wavu mmoja, wakavu wa jua moja. Moja likatandikwa jani la Perez, jingine la Rosa, yote yakawekwa juani mbele ya banda la kupimia samaki, na walinzi juu yake, mtu asisogee kumwaga dawa.

Yalipofunuliwa, la Rosa lilitoa harufu kali, samaki safi. La Perez lilikuwa na inzi hata kabla ya kufunuliwa.

"Mnaona?" Perez akapiga kelele. "Hata mbele yenu anafanya!"

"Nafanya nini, Mikayi? Niko hapa nakula muwa."

"Amelitia jani langu ugonjwa. Jani ni lile lile moja, la mama mkwe wetu mmoja. La kwake linafanya kazi, la kwangu halifanyi. Mnataka nini zaidi?"

Zamzam akasema kutoka nyuma ya watu, "Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi."

"Idi ni yako. Mimi nina Krismasi."

Watu wakacheka, na Perez akaona wanamchekea yeye, si Zamzam. Hapo akasema neno ambalo hakuna aliyemwomba. Alisema wamwite yule mwendawazimu wa magazeti aje aseme kama majani haya si mamoja. Yeye Perez, binti ya Asembo, ataacha sehemu yake yote itoe ua, aibu hiyo ataibeba mbele ya kila jicho. Likiwa ni jani lile lile la Rosa, basi ni uchawi, na Rosa afunge biashara, arudi Sakwa kwa mjomba wake. Na likiwa si lenyewe?

"Likiwa si lenyewe," akasema Mzee Ochieng polepole, maana naye alimwogopa.

"Likiwa si lenyewe, sitauza jani tena kwenye ufuo huu. Mahali pangu nampa huyu."

Hakumtaja Rosa kwa jina. Alimwelekezea kidevu.

Basi mundu ukalazwa. Watu waliokuwa na shughuli na wasiokuwa na shughuli wakawa wanapitia kinamasini kutazama sehemu ya Mikayi ikiota mwitu. "Binti zako hawajambo, Mikayi?" waliuliza. Perez alikaa ukingoni juu ya kigoda, mgongo umenyooka, akawajibu kila mmoja kwa kosa lake: huyu mwanawe hafanani na baba, yule alizika mumewe bila ng'ombe, huyu mwingine anakula mayai ya kuku wa jirani. Baada ya siku kadhaa wakaanza kupita mbali.

Mimea ya Rosa ilitokeza mashuke yake ya samawati. Mimea ya Perez ilirefuka, ikajaa majani, na vichwa vyake vikabaki majani matupu. Perez alivitazama kila asubuhi. Hakuna shuke. Alifurahi kwanza. Alijiambia hata jani limekataa aibu.

Waliaula alipoitwa alikuja kwa wasiwasi, akisimama mahali ambapo angeweza kukimbia. Ochieng alikuwapo, na Zamzam, na Rosa na muwa wake, na nusu ya ufuo. Mwalimu alitazama vichwa vya mimea ya Perez. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa pale aliyewahi kulifanya, kwa sababu jani hukatwa ukiwa umesimama, umeshika kichwa: alipiga magoti topeni, akatenganisha majani ya chini kabisa, karibu na maji.

"Haya hapa maua," akasema.

Yalikuwa madogo, meupe kama punje za unga, yamejikusanya kuzunguka shina kwenye kila kwapa la jani, kuanzia chini topeni hadi nusu ya goti. Sehemu nyingine yalikuwa yamekwisha kukauka.

Perez aliinama. Magoti yake yalilia. Aliinama tena chini zaidi.

"Yamekuwa hapo tangu lini?"

"Kila mwaka, Mama. Chini ya mundu wako."

Waliaula akakata shina moja la Perez na moja la Rosa, akayashika pamoja, akaeleza kwa sauti ya darasani kwa kuwa hakujua nyingine. Yote mawili shina lina pembe nne. Yote mawili majani yanatazamana. Ua la kila mmoja lina midomo miwili, wa juu na wa chini, kama kinywa kilichofunguka, na ndani ya kikombe chake hubaki mbegu nne. Kwa hiyo jamii ni moja, ya mnanaa. Lakini huu wa Rosa huchanua kileleni, kwenye shuke, na kikombe cha ua kina miiba mitano. Jani lake limejaa vitone vya mafuta, ukilitazama kwa kioo yanang'aa. Huu wa Perez huchanua makwapani tu, kikombe hakina miiba, na jani halina vitone isipokuwa kidogo sana. Si mmoja. Hata nyumba si moja.

"Uongo," akasema Perez. "Jani hili nilipewa na mama wa mume wangu. Lilikuwa linamtoa mtu machozi."

"Naamini. Hilo lilikuwa la shuke." Waliaula alisita, akamtazama mwenyekiti, kisha akalisema, maana waliosoma hawajui kunyamaza. "Jani la shuke halina mizizi ya kuishi mwaka wa pili. Kila mwaka linazaliwa upya kwa mbegu, na mbegu iko kileleni. Wewe ulikata kila kichwa kabla hakijachanua, miaka yote. Hukuacha hata kimoja. Mbegu zilizolala topeni zikaota mwaka hadi mwaka, mpaka zikaisha. Hili jingine linazalia chini, mundu haulifikii, basi likazaa, likazaa, likaenea. Mama, uliwakata mama wote kabla hawajapata mtoto."

Hakuna aliyecheka. Rosa aliushusha muwa wake.

Perez alimtazama mtu yule wa magoti ya tope. Angempiga, mkono ulikuwa tayari. Lakini akilini alikuwa anawaona wanawake wengine wote wa maboma yale, waliokuwa wakichelewa, wakiumwa, wakienda matanga, wakisahau pembe moja ya kinamasi, na pembe ile ikachanua, ikamwaga mbegu, nao wakaona aibu. Sehemu zao bado zilitoa harufu ile ile. Yeye peke yake ndiye hakusahau.

"Mmesikia," akasema. "Nendeni majumbani kwenu."

Kesho yake hakwenda ufuoni. Wala hakungoja mtu amkumbushe. Alimtuma mjukuu wake wa kike amwambie Rosa mahali pale chini ya banda ni pake, akae, asimletee salamu. Kisha akaingia kinamasini na jembe, akang'oa kila mmea wa ua jeupe, akaurundika, akauchoma ulipokauka, moshi ukaingia nyumbani kwa Rosa siku mbili. Rosa alipolalamika aliambiwa moshi hauna jamii.

Rosa alinona kwa biashara. Zamzam alimletea wateja hata wa Port Victoria, na jani la sehemu ya chini likawa halitoshi. Ndipo Rosa akapata akili, au alipewa na Waliaula kabla hajaondoka: kukusanya mashuke yaliyokauka, kuyapukuta, na kumwaga mbegu kwa mkono maji yakirudi nyuma, kama mtu anavyopanda nafaka ya wimbi. Alijaza kibuyu. Alilima sehemu yake, akapanua hadi mafunjoni.

Lakini mbegu ikishikwa mkononi si jani la mwitu tena. Ni mbegu, na katika boma la Mluo nyachira hapandi kabla ya mikayi. Mikayi akishatupa konzi ya kwanza ya mbegu, ndipo wengine wanaingia. Nyachira akitangulia, watoto wake ndio watakaolipa, na hakuna mama aliyetaka kujaribu kama ni kweli.

Maji yalirudi nyuma. Tope likaanza kupasuka. Perez alikaa mlangoni kwake akichambua kunde.

Siku ya kwanza Rosa alipita mbele ya mlango akikohoa. Siku iliyofuata alimtuma Mzee Ochieng, naye Perez akamwuliza mzee kama mkewe amempa ruhusa ya kutembelea wajane. Hatimaye Rosa alikuja mwenyewe, jua likiwa bado changa, na kibuyu mkononi.

"Mikayi, tope linakauka."

"Nimeona. Macho si yangu?"

"Njoo utupe konzi yako."

"Sina mbegu. Hukusikia? Mimi niliua mama wote."

Rosa aliuma midomo. Alikuwa amevimba kwa hasira, na hasira ilimfanya aonekane mdogo, kama siku aliyoletwa. Alifungua kibuyu, akamnyooshea.

"Chukua."

"Kwa mkono mmoja?"

Rosa akatoa kwa mikono miwili.

Perez aliinuka taratibu. Alifunga leso, akaifungua, akaifunga tena. Alichukua kibuyu chote, si konzi, akatangulia kwenda kinamasini, na Rosa akafuata nyuma mikono mitupu. Ufuo mzima uliwaona wanashuka hivyo.

Alisimama katika sehemu yake iliyokuwa wazi, nyeusi kwa majivu. Hakupanda ili auze. Alichokiapa alikiapa, na mpaka anakufa hakuna aliyemwona tena amekaa chini ya banda na fungu la majani. Alichota mbegu kwa vidole vitatu, kidogo kama chumvi ya mchuzi, akazitupa. Akapiga hatua moja, akatazama zilipoangukia. Akachota tena.

"Mikayi, konzi moja inatosha," akasema Rosa kutoka mpakani.

"Nani alikufundisha?"

"Mwache mtu naye aanze kazi yake. Jua linachoma."

"Simama kwenye kivuli."

"Kinamasini kuna kivuli gani?"

Perez aliinamia kibuyu. Alichota kidogo kidogo, akaenda mstari mzima hadi mafunjoni, akageuka, akarudi na mwingine, na kila alipofika mpakani alimtazama Rosa usoni, akatikisa kibuyu asikie bado kimo kitu, akageuka tena.